Kadi Niliyomtolea Gidamis

Ninyi vijana mnaojazana kwenye banda la mpira pale Jorodom kila Jumamosi, nyumba yangu imepakana na ukuta wa nyuma wa banda lenu. Siwaoni, lakini nawasikia. Goli likiingia najua. Kadi nyekundu ikitoka najua pia, kwa sababu hapo hamshangilii wala hamnyamazi, mnatukana. "Kipofu! Mwizi! Kanunuliwa huyo!" Refa mwenyewe yuko Dar es Salaam au Ulaya, hawasikii. Anayesikia ni mimi niliye nyuma ya ukuta, na mpaka leo nageuka kama nimeitwa jina langu.

Wiki mbili zilizopita mlimfukuza refa kwenye uwanja wetu wenyewe. Binti wa watu, mwalimu wa shule ya msingi. Alimtoa nje straika wenu kwa kadi nyekundu, mkaingia uwanjani, naye akakimbilia kwangu kwa kuwa mlango wangu ulikuwa wazi. Hata kwa kuhema kule hakusahau adabu. "Shikamoo, babu. Naomba nikae kidogo." Nikampa maji. Baadaye akaniuliza, "Babu, kadi ile nilikosea?" Nilikuwa nimeiona kupitia dirishani. Nikamwambia ukweli: "Ulikosea. Ilikuwa njano." Akainamisha kichwa. Hamkuwa na makosa kukasirika. Makosa yenu yalikuwa mawe.

Mnasema waamuzi wa siku hizi viwango vimeshuka. Wajukuu zangu, havijashuka. Havijawahi kuwa juu. Nilipuliza filimbi huku Hanang na kule Mbulu kwa miaka mingi, enzi za mashamba ya ngano ya serikali, na ninaweza kukaa hapa mpaka jioni nikiwahesabia niliyoyaharibu.

Sikuwa refa wa mshahara. Hakukuwa na refa wa mshahara. Nilikuwa fundi wa kombaini kwenye karakana ya shamba, zile mashine kubwa za kuvunia ngano, na Jumapili nilikuwa na filimbi. Wengine walikuwa walimu, mmoja alikuwa bwana mifugo. Kadi zetu tulizikata wenyewe. Yangu nyekundu niliikata kwenye boksi la vipuri, nikaipaka rangi ya kombaini iliyobaki kwenye kopo. Ilikuwa nyekundu kweli kweli, lakini jua likiwaka ilinata. Siku moja Dongobesh nilitaka kumwonyesha beki kadi ya njano, zikatoka zote mbili zimegandana. Beki akaniuliza, "Refa, nichague?" Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, na beki akabaki uwanjani. Siku nyingine niliingiza mkono mfukoni kwa hasira zote, nikainua juu kadi ya kliniki ya mwanangu. Mchezaji aliyestahili kutoka akasoma uzito, akaniambia mtoto anaendelea vizuri.

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka sana.

Aliyenifundisha alikuwa Mwalimu Qamara wa Mbulu, mtu mrefu mwembamba aliyefundisha hesabu na kuchezesha mpira kwa ukali uleule. Hakunipa kitabu. Alinitembeza uwanjani kabla ya mechi, akanionyesha mashimo ya fuko, mahali jua litakapokuwa saa kumi, upande upepo unakotokea. Kwenye tambarare ya Hanang upepo ni mchezaji wa kumi na mbili. Mpira wa kona unaweza kwenda nje, ukarudi ndani, ukatoka tena, na kila timu ina ushahidi. Alinifundisha nile ugali saa nne asubuhi, si saa saba, maana refa mwenye tumbo zito yuko nyuma ya mpira siku zote. Alinifundisha kuosha filimbi kwa maji ya moto, kwa sababu vumbi la ngano likiingia ndani, ile punje inayorukaruka humo inakwama, na filimbi isiyolia imeua mechi nyingi kuliko kadi. Wachezaji wakinizunguka, nirudi nyuma taratibu mpaka wachoke kunifuata, nisiwasukume, nisiwajibu. Zaidi ya yote aliniambia, "Puliza kwa jicho, Boay. Usipulize kwa sikio. Kelele hazijawahi kuona faulo."

Nilimjibu nimeelewa. Kijana akisema ameelewa, mwalimu hana la kufanya.

Sasa niwaeleze kuhusu Gidamis.

Ilikuwa mechi ya kombe, timu ya shamba letu na timu ya Getanuwas. Lazima mjue shamba lilivyokuwa. Ngano ilianzia mlangoni pa karakana ikaenda mpaka macho yanapoishia, na pale ilipoota palikuwa malisho. Wafugaji wa Getanuwas walikuwa wanapitisha ng'ombe wao humo kwenda majini. Njia ikalimwa, ikabidi wazunguke nusu siku nzima. Ng'ombe akiingia kwenye ngano walinzi walimkamata. Kwa hiyo watu wa Getanuwas walipokuja kwenye uwanja wa shamba siku ile, wanaume kwa fimbo na shuka zao, akina mama kwa vazi lao la ngozi, hawakuja kutazama mpira tu. Pale uwanjani ndipo mahali pekee ambapo wao na shamba walikuwa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja.

Na mimi, refa, nilivaa ovaroli ya shamba siku sita za wiki. Nilipaswa kukataa mechi ile. Nilimwambia katibu wa kamati ya ligi hivyo, akasema hana refa mwingine, yule wa Mbulu gari limeharibika. Nikakubali. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalo nililifanya nikiwa nimekaa kwenye benchi nakunywa chai.

Gidamis alikuwa winga wao. Mrefu, mweusi, miguu kama ya swala, hana njumu. Alicheza na makubazi ya tairi aliyoyafunga kwa kamba za ngozi. Mabeki wetu hawakumweza. Kipindi cha kwanza kiliisha hakuna goli, lakini alikuwa amegonga mwamba mara mbili, na mashabiki wa shamba walikuwa wameanza kuniuliza namwangalia nini.

Kipindi cha pili, Getanuwas wakapata kona. Upepo ukaubeba mpira juu, nami nikaufuata kwa macho. Refa mchanga hufuata mpira. Refa mzoefu anatazama watu, kwa sababu mpira haupigi mtu kiwiko. Nilikuwa na miaka minne ya filimbi na bado nikautazama mpira. Nikasikia ukelele. Nilipogeuka, golikipa wetu, Shomari, dereva wa kombaini kutoka Tanga, alikuwa chini ameshika mdomo, damu inapita katikati ya vidole. Gidamis alikuwa amesimama juu yake.

"Kiwiko! Kampiga kiwiko!" Mashabiki wa shamba wote walikuwa wamesimama. "Nyekundu! Nyekundu!"

Nikatazama pembeni. Kibendera kilikuwa juu. Mshika kibendera alikuwa Lazaro, karani wa stoo yetu. Nikamkimbilia.

"Lazaro, umeona nini?"

"Kiwiko, Fundi. Kiwiko kabisa."

"Umeona?"

"Si unaona damu?"

Mngekuwa ninyi mngesema jibu hilo si jibu. Leo hata mimi nasema hivyo. Wakati ule watu mia kadhaa walikuwa wananipigia kelele, golikipa anatema damu, na mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nikarudi kwa Gidamis nikainua kadi.

Hakupiga kelele. Alikuja karibu, Kiswahili chake kidogo, akaniuliza, "Fundi, uliona?"

"Toka nje."

"Mimi nauliza. Uliona?"

Nikanyoosha kidole kwenye mstari. Alinitazama usoni kwa muda, akavua jezi, akaikunja vizuri, akampa kapteni wao. Hakwenda kukaa na wenzake. Alichukua shuka na fimbo yake, akashika njia ya katikati ya ngano, akatembea bila kugeuka. Wenzake walicheza kumi wakafungwa mawili. Watu wa Getanuwas hawakurusha kitu. Walisimama kimya mpaka mwisho, kisha wakaondoka kwa mstari. Nimewahi kupigwa jiwe begani kule Haydom, na nawaambia kweli, jiwe lile niliona nafuu.

Kamati ikamfungia mechi tatu.

Siku ya Jumanne, Shomari akaja karakana, mdomo umevimba, jino moja la mbele hakuna. Mafundi wakamzunguka kumpa pole. Akacheka na kale kapengo kapya.

"Damiani huyu, beki gani?" akasema. "Ana goti kama nyundo. Nimeruka kudaka, na yeye karuka, goti lake likaniingia hapa." Akashika mdomo. "Beki wangu mwenyewe! Lakini Fundi Boay ametusaidia. Yule Mang'ati wa Getanuwas angetufunga matatu."

Mafundi walicheka. Mmoja akanipiga mgongoni. Nilikuwa nimeshika spana, nikaiweka chini. Nikaenda stoo.

"Lazaro, ulisema uliona kiwiko."

Alikuwa anaandika vocha. Hakuinua kichwa. "Fundi, watu wote walikuwa wanasema kiwiko. Mimi ningesema nini?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Alifanya nilichofanya mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kitambaa na mimi nilikuwa na kadi.

Jumamosi nilipanda lori la shamba lililokuwa linakwenda Mbulu, nikamkuta Mwalimu Qamara anapalilia maharage. Nikamsalimia, "Shikamoo, Mwalimu," nikamweleza yote. Alisikiliza huku analima. Nilipomaliza akaegemea jembe.

"Boay, umekuja kuniuliza la kufanya, au umekuja nikukataze?"

Akarudi kwenye maharage yake. Nikakaa kidogo, nikamuaga, nikarudi na lori lilelile.

Kesho yake nikaendesha baiskeli mpaka Getanuwas. Nilifika kwa kina Gidamis saa sita, koo limekauka. Baba yake hakuwepo. Alitoka mama, mzee kiasi, bangili za shaba mikononi. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama ovaroli. Sikuwa na nguo nyingine nzuri. Aliingia ndani akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Ndivyo walivyo, mgeni kwanza anywe.

Nilipomaliza akasema, "Wewe ndiye mwenye filimbi."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kwa sababu ya mwanao. Nimesikia kwamba hakumpiga yule."

"Umesikia," akasema. "Mimi niliona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli, kama kutoka hapa hadi pale." Akanyoosha kidole mpaka kwenye zizi, hatua kama kumi. "Mwenzao mweupe-mweupe ndiye aliyempiga na goti. Mwanangu alisimama kumwinua. Tulikuwa kina mama sita pale nyuma. Hakuna aliyetuuliza."

Nimechezesha mechi nyingi tangu siku ile, na sentensi hiyo haijanitoka. Niliuliza mtu mmoja aliyekuwa mbali kwa sababu alikuwa na kibendera.

Gidamis nilimkuta kisimani ananywesha ng'ombe. Aliniona kutoka mbali lakini hakuacha kazi. Aliendelea kuteka na kumimina. Nikasimama upande wa pili wa birika la kunyweshea. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, kwenye baiskeli. Yote yakapotea.

"Uliniuliza kama niliona," nikasema. "Sikuona."

Akamimina ndoo. "Nilijua."

"Nitaandika barua kwa kamati."

"Andika." Akateka tena. "Andika hivyohivyo. Usiandike kwamba mimi mzuri. Andika wewe hukuona."

Niliandika usiku na mchana? Hapana. Niliandika mistari minne, na ilinichukua siku tatu. Nikampelekea katibu wa kamati kwa mkono wangu. Aliisoma akairudisha mezani upande wangu.

"Fundi, refa hafuti kadi yake. Ukifuta hii, kesho kila mtu atakuja na yake."

"Basi waje."

"Unajua meneja wako atasema nini?"

Nilijua. Meneja aliniita wiki ileile. Hakufoka, alikuwa mtu mpole. Aliniuliza tu nakula mkate wa nani. Kisha nikaambiwa karakana ina mafundi wa kutosha, na ndege wanamaliza ngano. Msimu ule mzima, mimi fundi wa kombaini, nilisimama katikati ya shamba napiga debe kufukuza kwelea kwelea. Mnawajua? Wanakuja kama wingu, unapiga debe wanahamia hatua hamsini, unawafuata, wanarudi ulipotoka. Ukitaka kuelewa kazi ya urefa, kalinde ndege.

Barua ilijadiliwa. Kamati ikaondoa adhabu ya Gidamis, wakati ameshaitumikia mechi zote tatu. Mimi nikafungiwa msimu mmoja kwa kuchezesha bila umakini. Ilikuwa haki, ingawa niliona uchungu. Kombe lilibaki shambani. Watu wa shamba wakaniita msaliti. Shomari peke yake ndiye aliyeendelea kunisalimia kila siku, kwa pengo lake. Na watu wa Getanuwas je? Walianza kuniona mtu mwema? Hapana. Kwao niliendelea kuwa mtu wa shamba. Msidhani ukisema kweli utabebwa mabegani. Mimi nilirudishwa karakana mwaka uliofuata kwa sababu kombaini mbili zilikufa, si kwa sababu mtu alinisamehe.

Filimbi nikaishika tena. Sijui kwa nini. Mke wangu aliniuliza hilo kila Jumapili mpaka akachoka. Nilikosea tena, mara nyingi. Nilikataa goli halali Katesh hapa hapa, na baba zenu wengine bado wananikumbusha kwenye misiba. Lakini kuna jambo moja nililibadilisha: kama sikuona, nilisema sikuona. "Sikuona, tuendelee." Wanatukana, mnaendelea. Inachosha. Inachosha kuliko kudanganya. Yule mwalimu aliyekimbilia kwangu juzijuzi nilimwambia hivyo, naye akaniuliza kama inasaidia. Nikamwambia sijui, nikamweleza ya Mogitu, na nitawaeleza na ninyi, kisha mniache nipumzike.

Ilikuwa miaka kadhaa baadaye. Mogitu walikuwa nyumbani, wageni wao Getanuwas. Gidamis sasa alikuwa kapteni, amepungua mbio lakini bado anawatisha mabeki. Tangu kisimani hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. Dakika zilikuwa zinaisha, hakuna goli. Straika wa Mogitu akaingia kwenye boksi, na beki namba nne wa Getanuwas akamshika jezi akamvuta mpaka akaanguka. Nilikuwa hatua saba. Nikapuliza, nikaonyesha penalti.

Watu wa Getanuwas wakavuka mstari. Wengi, na fimbo zao. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu ni yule wa shamba!" Nikaanza kurudi nyuma taratibu kama nilivyofundishwa, lakini hapakuwa na nyuma, walikuwa pande zote. Nikasimama. Gidamis akapita katikati yao akaja mbele yangu, karibu kabisa.

"Fundi. Umeona?"

"Nimeona. Namba nne amevuta jezi. Mkono wa kushoto."

Akamgeukia namba nne. Kijana yule akatazama viatu vyake. Gidamis akageuka kwa watu wake akasema nao kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno moja, na hakusema kwa ukali. Mmoja akabisha, akamjibu kwa neno moja tu. Wakaanza kurudi, mmoja mmoja, mpaka nje ya mstari.

Penalti iliingia. Getanuwas wakafungwa moja bila, wakatolewa kwenye kombe. Nilipopuliza ya mwisho, Gidamis alichukua shuka yake akaondoka na wenzake kuelekea bondeni. Hakuniaga, nami sikutegemea aniage. Nikaosha filimbi kwa maji ya kopo, nikabadili viatu, nikaanza kutembea kurudi Katesh nikipita katikati ya mashabiki wa pande zote mbili, na hakuna aliyenirushia hata kipande cha udongo.